Nilivyojipandisha Cheo Bahati

Wenzangu kazini hawajui kwa nini mtu wa miaka arobaini na tisa, mwenye digrii mbili, husimama mwisho wa mstari wa karate nyuma ya watoto wa darasa la nne. Naona haya kuwasimulia, lakini heri walisikie kwangu kuliko kwa binti yangu.

Wambui ana miaka kumi na tatu, na alikuwa amebakisha wiki moja afanye mtihani wa mkanda wa kijani. Nilimwomba tuwe tunafanya mazoezi pamoja kila Jumamosi katika darasa lake la karate, kwenye ukumbi wa kanisa pale Bahati (nyumbani haongei nami, macho yako kwenye simu tu). Alifikiria weee, mwishowe akakubali.

“Lakini Baba, anza na mkanda mweupe kama kila mtu. Na usiniaibishe, please.”

Sasa, zamani chuoni nilifika mkanda wa kahawia, hatua moja kabla ya mweusi. Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza niliukuta chini ya sanduku, nikajiambia si wizi, niliutolea jasho, nikaufunga (tumbo lilikubali, shingo upande).

Nilichosahau ni desturi: mwalimu akichelewa, mwenye mkanda wa juu ndiye huongoza. Na siku hiyo Mwalimu Kiprono alikwama kwenye tope la barabara ya Dundori, akapiga simu kwamba mwenye cheo cha juu aanzishe kata ya kwanza, yaani ule mfululizo wa hatua ambao kila mwanafunzi huanza nao. Watu thelathini wakanigeukia.

Nikaanza kwa sauti ya mhadhiri. Hatua tatu zilikwenda vizuri, ya nne nikageukia upande usiofaa, na kwa kuwa wamefundishwa kumfuata kiongozi bila maswali, ukumbi mzima ukageuka nami. Mama Shiro, fundi wa nguo mwenye mkanda mweupe, akanong’ona, “Mzee, si tunaendanga hivi?”

“Mama, fuata tu.”

Nilimwona Wambui akisita. Alijua njia. Akanitazama, halafu akageuka vibaya makusudi, ili nisibaki peke yangu. Wakati huohuo Mwalimu Kiprono akaingia na gumboots zake, macho yakamwangukia kwanza yule wa mtihani.

“Wambui! Hata kata ya kwanza imekushinda? Sahau mtihani wa wiki ijayo.”

Mtoto akainamisha kichwa. Hakunitaja. Nilisimama pale nikihesabu madirisha (ni sita), nikitumaini mwingine angesema.

“Mwalimu, ni mimi,” nikasema, nikifungua mkanda. “Yeye anaijua. Mimi ndiye siijui.”

Wambui alirudia kata peke yake mbele yetu wote, safi kabisa, na mtihani akarudishiwa. Mimi nilipelekwa mwisho, kando ya Mama Shiro, aliyenishika mabega na kunigeuza upande unaofaa.

Tangu hapo nimeapa: nikiingia mahali pa kujifunza, naanzia nyuma. Huko Wambui hunisahihisha kwa sauti, mbele ya watu. Ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyopata mwaka huu.