Namba ya Pamba ya Baba

Admin, jina langu lifiche, maana wanangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mstaafu, naishi Ngokolo hapa Shinyanga. Najua wengi humu mnaleta mambo ya mapenzi. Langu mimi ni la kadi ya benki. Msinicheke, someni kwanza.

Nimezaliwa upande wa Ushirombo, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo siku ya gulio mimi, mtoto wa kwanza, ndiye niliyesimama kwenye mizani kumtajia karani namba yake ya uanachama. Karani akikosea tu, pamba yenu imekwenda kwa mtu mwingine! Basi nilikuwa napaza sauti mpaka watu wanacheka: "Moja! Saba! Sifuri! Nne!" Namba ile kwetu tuliijua wote kama tunavyojua sala.

Miaka ya themanini mgodi niliokuwa nafanya kazi ulinipeleka Uingereza kusomea ufundi wa mitambo. Mwaka uliofuata akaja mdogo wangu Lukasi. Padre alimtafutia nafasi ya unesi. Tulilala chumba kimoja. Chumba cha pili alikaa Mtanzania mwenzetu aliyetutangulia kufika, sote tukimwita Mwenyekiti.

Huko nikapewa kadi ya kutolea pesa kwenye mashine ya ukutani. Niliiogopa ile mashine, jamani. Mwenyekiti ndiye aliyenisindikiza mara ya kwanza, na akanipa somo njia nzima. "Kadi usimpe mtu. Namba usiiandike popote. Na umchunge sana ndugu wa tumbo moja, maana huyo ndiye anayeijua akili yako." Nikamshukuru. Benki ile ilimruhusu mtu achague namba yake mwenyewe, nami nikawa nimechagua ya baba.

Nilikuwa naweka akiba ya kumnunulia mama mashine ya kusaga, maana alikuwa akijitwika mahindi mwendo wa saa mbili kufuata kinu. Siku niliyokwenda kuitoa yote nikakuta akaunti nyeupe. Zilikuwa zimechotwa kidogo kidogo, wiki sita. Yule mama wa dirishani benki akaniambia, "Mashine haikosei. Aliyetoa ana kadi yako na anajua namba yako." Nililia, nikaomba, nikarudi mara nne. Jibu lilikuwa lile lile.

Kadi ilikuwa ikikaa kwenye koti langu, na koti lilitundikwa ukumbini. Na namba, nani mwingine Uingereza nzima aliijua namba ya pamba ya baba?

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lukasi aliporudi kutoka chuoni nilikuwa nimeshatupa begi lake nje, kwenye baridi. Akasema, "Kaka, naapa kwa Mungu, sijagusa." Nikamwambia, "Mwizi hana kiapo." Mwenyekiti alisimama mlangoni akitikisa kichwa, akasema, "Nilikwambia mimi."

Nikaandika barua nyumbani. Katekista akamsomea baba mbele ya ukoo mzima. Baba akasema Lukasi asikanyage mji wake tena. Lukasi aliacha chuo, akarudi, akaenda kuchimba almasi Maganzo, baadaye dhahabu Geita. Miaka tisa hakufika nyumbani. Baba alipofariki alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, wajomba wakamzuia: kiri kwanza ndipo uzike. Akakiri. Alipiga magoti mbele ya mama akasema, "Mayu, niliiba mimi." Ndipo akaruhusiwa kutupa udongo kaburini. Nami nikasema moyoni, unaona sasa?

Mwezi uliopita nilikwenda na mke wangu kutoa pensheni kwenye mashine ya benki mjini. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Mke wangu akanivuta shati, "We Baba Tereza! Mbona unaitangaza namba yako? Unaita utadhani uko mnadani!"

Nikamuuliza, "Mimi?"

"Wewe! Siku zote unafanya hivyo."

Ndugu zangu, kumbe sikuwahi kuacha kupaza sauti kama pale kwenye mizani. Nikamkumbuka aliyesimama nyuma yangu siku ile ya kwanza. Mwenyekiti. Alishafariki, sina wa kumuuliza, wala sina ushahidi. Ila sasa najua kwamba namba ile niliitoa mimi, kwa mdomo wangu.

Nikapanda gari mpaka Geita. Lukasi akatoka kunipokea, mvi kichwa kizima. "Shikamoo, kaka." Sikustahili shikamoo ile. Nilimweleza yote nikilia. Akasema, "Nilikiri ili nimzike baba. Sasa mama ana miaka tisini. Ukimwambia leo, si unampa deni ambalo hana muda wa kulilipa? Muache." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Utaweza. Mimi nimeweza."

Jumapili tulikwenda wote kumwona mama. Haoni vizuri siku hizi, sauti ndizo anazozijua. Niliposalimia mimi akatabasamu. Aliposalimia Lukasi, mama aliitikia vizuri tu, "Marahaba mwanangu," huku mkono wake ukitafuta kipochi pale kitandani, akakisukuma chini ya mto. Lukasi aliona. Akageuka akajifanya anafunga dirisha.

Nikisema, naivunja roho ya mama na kauli ya mdogo wangu. Nikinyamaza, mama atakufa akimfichia kipochi mtoto ambaye hakuwahi kumwibia mtu. Tunarudi kwake Jumapili hii. Nishaurini, mnaoweza. Nifanye nini?