Gari la Baba na Eda ya Mama

Hadi leo nikisikia harufu ya udi, nafungua madirisha. Udi wenyewe hauna kosa, maskini. Ni kwamba mwaka ule alipofariki baba, katika nyumba yetu ya Springfield, jimbo la Virginia, Marekani, shangazi yangu Rukia alikuwa akiufukiza udi kila Ijumaa sebuleni, ukichanganyika na harufu ya grisi na petroli kutoka gereji, kisha ukipanda ngazi polepole mpaka chini ya mlango wa chumba cha mama, ambaye alikuwa amekatazwa kuunusa. Mama alikuwa amekaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ovyo. Hilo ni la dini na sina neno nalo. Lakini shangazi angeweza kuufukiza udi wake kokote, hata uani. Alikiweka chetezo chini kabisa ya ngazi, akaupepea moshi kwa ncha ya leso yake, huku akitazama juu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Nilimwona akifanya hivyo nikadhani ndiyo ada ya watu wa Mombasa.

Baba hakuacha mali, aliacha gari. Lilikuwa gari refu la Kimarekani, la zamani kuliko ndoa yake, rangi ya samawati iliyopauka, bampa za kung'aa zilizoliwa na kutu, na kiti cha mbele kimoja kipana kama kochi. Alilinunua bovu kwa mzee mmoja wa mtaani, likaburutwa hadi gereji yetu, na kwa miaka mitano akawa anashughulika nalo kila Jumapili bila kulitoa nje hata siku moja. Nalo lilimlipa nini? Siku moja alipokuwa akijaribu injini, feni ilimkata ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kabla ya hapo baba alikuwa na sahihi nzuri kupindukia, jina lake Athumani likiishia na mkia mrefu unaorudi nyuma na kulipigia mstari jina zima. Aliwahi kunifundisha kuiandika, tukashindana pembezoni mwa magazeti mpaka mama akatukemea. Baada ya kidole kukatika aliandika vistari viwili tu, kama kuku aliyeparura mchanga. Mimi niliendelea na ile nzuri. Niliijaza nyuma ya madaftari yangu yote ya shule.

Mama alikuwa mtu wa Machakos. Alikutana na baba huku huku Marekani, akasilimu, akaitwa Mariamu, na bahari alikuwa hajaiona ila ile aliyoiruka kwa ndege akiwa amefumba macho kwa hofu. Baba alimwahidi kwamba siku gari litakapoamka, atampeleka ufukweni akiwa amekaa mbele kama bibi harusi. Mama alikuwa akimcheka. Mara nyingine hakucheka, alimwambia auze chuma chake kabla hakijamla na mkono mzima, wakagombana. Majira ya kuchipua yalipoanza, baba alianguka kazini, uwanja wa ndege, alikokuwa akipakia mizigo. Moyo ulisimama. Asubuhi ile walikuwa wamegombana juu ya gari.

Shangazi Rukia alikuja kutoka mji wa Columbia, jimbo la jirani, siku ya pili ya matanga, akiwa na mabegi matatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Wenyeji wa nyumba ile hatukupona. Alikuwa dada wa pekee wa baba, mwanamke mrefu, mkavu, aliyekulia katika gereji ya babu yangu kule Mombasa na kujua injini kuliko mafundi wengi wanaume. Watu walipomaliza kula pilau na kuondoka, alisimama mlangoni mwa gereji akaliangalia gari kwa muda mrefu, akasema, "Ndugu yangu ameikata kazi katikati. Nitaimaliza mimi." Mama alilia kwa shukrani, akambusu mkono. Ndiyo, alimbusu mkono, niliona kwa macho yangu.

Sasa sikilizeni ujanja wa mtu mzima. Dini yote mama aliyoijua alifundishwa na baba mezani, kipande kwa kipande, na baba alikuwa kaburini. Nani wa kumfundisha eda? Shangazi akajitolea. Alimfundisha yaliyomo, akamwongezea na yasiyokuwamo. Kazi aache, ingawa alikuwa akilea wazee kwa zamu za mchana tu, ambazo dini inamruhusu mjane. Simu asishike. Dirishani asikaribie. Wageni wakija, shangazi ndiye wa kuwapokea, awaambie mjane amelala. Na karatasi yoyote yenye jina la marehemu asiiguse mpaka siku ya mwisho, kwani kila akiigusa roho ya mumewe inaungua. Mama aliamini. Angekataaje, na alikuwa akiogopa kwamba ameshamuunguza vya kutosha kwa maneno ya asubuhi ile? Miaka mingi baadaye nilimuuliza mwalimu wangu wa madrasa, mama mzee wa Unguja, kuhusu masharti hayo. Alinitazama akaniuliza ni chuo gani nilichosomea ujinga huo.

Na mimi nilimpenda shangazi. Wallahi nilimpenda. Wakati wenzangu walikuwa kwenye bwawa la kuogelea la mtaa, mimi nilikuwa chini ya gari nikishika taa. Alinifundisha kusafisha kabureta kwa mswaki, kupiga msasa kutu mpaka chuma kionyeshe uso, kusikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Nikikosea alinigonga vifundo kwa spana, si kwa mzaha. Nikipatia alisema, "Damu ya Athumani hii," na mimi nikajaa kama puto. Alikuwa na kawaida ya kumwiga mama anavyosoma sura fupi za Kurani kwa lafudhi ya Kikamba, na mimi nilicheka. Kisha nikajifunza kuiga mwenyewe, vizuri zaidi yake, kwa sauti ya kumfikia mama juu. Jioni nilipompelekea chakula, mama aliuliza tu, "Gari limefika wapi?" Alinisemesha kwa Kiswahili, nami nikajibu kwa Kiingereza, kama nilivyozoea. Alichukua vidole vyangu vyenye grisi, akavinusa huku amefumba macho, akaniambia nisinawe kwanza. Niliuvuta mkono wangu kwa sababu chakula cha shangazi kilikuwa kinapoa chini.

Yapo mawili niliyoyafanya msimu ule. La kwanza ni la dirisha. Kila adhuhuri, shangazi akiwa anaswali, mama alisogea dirishani dakika chache kulitazama gari likiwa limetolewa uani. Nilimwona kutoka chini. Alinipungia mkono, akaweka kidole mdomoni. Ulimi hauna mfupa. Sikulala na siri ile hata usiku mmoja. Shangazi alinishukuru, akapanda juu na karatasi nyeusi za kutilia takataka na utepe mpana wa gundi, akaziba kioo chote, huku akimwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba ni kwa ajili ya marehemu. Joto la Virginia la kiangazi mnalijua. Chumba kile kiligeuka tanuri. Zawadi yangu ilikuwa kupaka rangi mlango wa upande wa abiria, ule nitakaoingilia, maana shangazi alikuwa ameniahidi kwamba safari ya bahari tutakwenda watatu, mimi katikati.

La pili ni la sahihi. Zilikuwa zimebaki siku chache eda iishe. Injini ilikuwa ikiunguruma sawasawa, breki zimeshika, samawati inawaka. Shangazi alisema sasa tunataka namba, na namba haziji bila hati ya gari. Nilipanda kwa mama kuiuliza. Iko kwenye mkoba chini ya kitanda, alisema, na kwa kuwa aliogopa kuigusa, aliusukuma mkoba kwa mguu mpaka ukanifikia. Shangazi aliitandaza ile hati juu ya boneti, chini yake akaweka gazeti isichafuke. "Baba yako aliniambia una mkono wake," alisema. "Uongo, au kweli?" Nilimwambia kweli. "Hebu nione." Akaniwekea kidole mahali pa muuzaji. Nikaiandika, Athumani, na mkia wake mrefu ukarudi nyuma kwa maringo, sijawahi kuiandika vizuri namna ile kabla wala baadaye. Shangazi alipiga kigelegele kidogo. Kisha akaandika tarehe, ya wakati wa theluji, baba angali hai. Niliiona tarehe, nikajua si sawa, nikanyamaza. Alikuwa ananishika bega.

Siku eda ilipokwisha ilikuwa Jumamosi, anga safi. Nilivaa gauni la Idi na viatu vyeupe. Shangazi alikuwa uani akifuta vioo. "Kamwite mama yako," aliniambia, "mwambie ajipambe, asiwe na haraka." Nilipanda mbio. Mama alikuwa ameshaoga. Nilimsaidia kubandua karatasi pembeni mwa dirisha, mwanga ukaingia, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu majira ya baridi. Alijipaka wanja, akakosea, akafuta, akaanza upya. Alifungua chupa ya manukato baba aliyomletea, akajitia shingoni, akanitia na mimi. Hapo injini ikanguruma chini. Mama alisimama kabisa. "Alhamdulillahi," alisema, "limeamka." Akachukua mkoba wake, akatazama kama ameweka leso ya kufutia maji ya bahari. Ngurumo ikasogea, ikageuka kona, ikaungana na ule mvumo wa barabara kuu zinazokutana pale Springfield, usiokoma usiku wala mchana, na sisi bado tulikuwa kwenye ngazi. Uani palikuwa na doa la oili na kitambaa cha kufutia vioo. Tulisimama pale na wanja wetu na manukato yetu. Mama alisema labda amekwenda kutia mafuta. Tulimngoja mpaka adhuhuri.

Kwa sheria ya dini shangazi alikuwa na fungu lake katika urithi ule, na angeliomba angepewa bila ugomvi. Hakutaka fungu. Alitaka mama akose. Mama alipompigia simu, alimwambia neno moja tu, kwamba aliyemuua ndugu yake kwa kelele hatakalia kiti chake, akakata. Baada ya wiki mama alikwenda ofisi ya magari kulalamika, nami nikiwa naye kumsaidia Kiingereza. Karani alimtolea nakala ya hati. Nilimfasiria mama, kwa kinywa changu, kwamba mumewe mwenyewe alimwuzia dada yake gari kabla hajafa, na sahihi yake hii hapa. Mama aliishika karatasi ile muda mrefu. Akaikunja, akamrudishia karani, akashukuru. Kwenye kituo cha basi alinishika mkono akasema, "Basi. Watu wote wamenigeuka, isipokuwa wewe."

Miaka imepita mingi. Shangazi aliliuza gari kabla ya mwaka kwisha, na alipofariki yeye, mama ndiye aliyekwenda Columbia kumwosha na kumkafini, akarudi akasema amemsamehe. Sasa mama anaishi nami katika mji wa Laurel, katika nyumba ya ghorofa, na gari langu ni dogo la kawaida, haliungurumi. Bahari nimempeleka. Alibaki kwenye kiti chake, akaitazama kupitia kioo, akasema ni maji mengi, turudi. Na kila Idi, wageni wakijaa na vikombe vikipita, lazima asimulie habari ya gari, na lazima amalizie pale pale: wote walinigeuka, isipokuwa mwanangu huyu. Wageni hunisifu. Mimi huenda jikoni kutazama chai ambayo haijachemka.

Idi ya mwaka juzi, wageni walipoondoka, tulikuwa tukiosha vyombo, akaniambia bila kugeuka, "Baba yako hakuwa akiandika na mkia tangu alipokatwa kidole." Maji yalikuwa yakitiririka, nikayafunga. Nikamuuliza alijua tangu lini. Tangu kwa karani, alisema. Nikamuuliza kwa nini basi, Yarabi, miaka yote hii, mbele za watu, anasema vile. Alinipa kikombe nikipanguse. "Nilikuwa nangoja useme wewe," alisema. Nikaanza kulia, nikaanza kusema, nikaeleza dirisha na hati na bega nililoshikwa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipanga sahani. "Umechelewa," alisema. Idi iliyofuata nyumba ilijaa, akasimulia habari ya gari, akafika pale pale, akaniwekea mkono begani: wote walinigeuka, isipokuwa mwanangu huyu. Wageni walinisifu, nami nikawaongezea chai.