Pikipiki Isiyo na Klachi

Muuza vitenge wa Tunduma huongea kwa sauti ya chini, lakini kila anapotaka kukataa jambo huinua kidevu kwanza. Vidole vya mkono wake wa kushoto viligandamana tangu alipoungua na mafuta ya moto, naye huvikandakanda mbele ya wateja bila kuvificha. Mizigo ya mnadani alikuwa akiipeleka kwa skuta yake kubwa, mpaka masika yalipoichimba barabara ya Msangano na skuta, kwa ufupi wa magurudumu yake, ikawa inalalia tumbo kwenye tope. Akaiuza, akanunua pikipiki iliyoinuka, inayojibadilishia gia yenyewe, isiyo na klachi ya kubana kwa mkono wa kushoto.

Siku alipoileta kijiweni, shemeji yake alisimama mbele ya gurudumu, bodaboda wote wakitazama.

"Shemeji, mwanamke mzima upande hivyo? Na mkono huo? Si utafute dereva akubebe!"

Kidevu kikainuka. "Mkono huu ulipowabeba wanao walipougua, shemeji, hukuuona mbovu."

Akakaza kitenge juu ya suruali, akapanda, akaiwasha. Hakupiga honi. Aliisogeza taratibu, akimtazama usoni, mpaka shemeji mtu akapisha.