Mgeni wa Chuo Kikuu Hakuuliza Mara ya Pili

Nilikuwa kidato cha nne Bukoba mwaka ule chuo kikuu kilipoanza urafiki na shule yetu. Wanafunzi wake walikuja likizo kutufundisha hesabu na kemia, na jioni walilima nasi shamba la shule. Kabla ya kuondoka, mwalimu wao, mama mmoja wa Dar es Salaam, angechagua wasichana wawili wa kwenda kusoma mwezi mzima kwenye maabara za chuo. Niliandika kwenye daftari langu, "Nataka kwenda," halafu nikaufunika ukurasa kwa mkono, ingawa nilikuwa peke yangu.

Tuliitwa mmoja mmoja. Nilipoingia nilipiga magoti kumwamkia, kama tunavyofanya kwetu Ijumbi.

"Inuka, ndugu! Siku hizi hatupigiani magoti. Maksi zako nzuri sana. Unataka kwenda Dar?"

Kwetu mtoto akikaribishwa chakula kwa jirani hukataa kwanza. Akikubali papo hapo, amemwaibisha mama yake. Mwenye nyumba analijua hilo, atakukaribisha tena na tena, ndipo unyooshe mikono yote miwili.

Nikatazama sakafu.

"Hapana, mwalimu. Wapo wenzangu."

Nikangoja aniulize tena. Nikasikia kalamu yake tu.

"Haya. Asante kwa kusema ukweli. Hatumlazimishi mtu."

Nje, rafiki yangu wa kijiji cha Kaagya alinidaka mkono. "Ehe, umepata?"

"Hajauliza mara ya pili."

"We mjinga we! Yule ni jirani yenu? Alikuwa anakupa ndizi? Rudi umwambie!"

Nilirudi hadi mlangoni. Ndani alikuwa ameshaingia mwingine, nikamsikia akisema bila hata kukohoa, "Nataka, mwalimu. Nataka sana." Sikubisha hodi. Nilikwenda bwenini nikajifunika blanketi mchana kweupe.

Wawili waliochaguliwa waliondoka. Mmoja nilikuwa nikimpita kwa maksi kila muhula. Simchukii. Najaribu kutomchukia.

Likizo nilimweleza mama yote, tumekaa jikoni tunamenya ndizi. Kisu chake kikasimama.

"Ulikataa mara moja tu?"

"Mara moja tu, mama."

"Ulikuwa na adabu, mwanangu," akasema. Akatoka, akaenda kusimama migombani, akinipa mgongo. Zile ndizi nilizimalizia mwenyewe.