Jina Chini ya Rangi Nyekundu

Miaka thelathini Dagadu Supekar alinakili maandishi ya mapangoni bila kujua kusoma hata herufi moja ya kale. Kazi yake ilikuwa karatasi: huilowesha, huibandika ukutani, huipigapiga kwa brashi ngumu mpaka iingie katika kila mchongo, kisha huipaka wino. Kusoma aliwaachia wasomi. Alikwishapanda nusu ya milima ya Maharashtra, lakini ukuta aliouwania zaidi ulikuwa wa kijijini kwao, juu ya kisima cha monasteri ambayo watawa wa Budha waliichonga ndani ya mwamba.

Ukuta huo haukushika karatasi. Tangu enzi za mabibi, wanawake wa kijiji waliupaka mafuta na unga mwekundu, wakiamini ni mungu mama alindaye watoto. Rangi iliganda nene kama kiganja, ikayafunika maandishi yote. Mwenye zamu ya kuupaka sasa alikuwa Yesubai, shangazi yake, msuka vikapu.

"Shangazi, niruhusu niibandue."

"Umvue mama nguo mbele ya mgeni? Anza na mimi basi!"

Revati, msomi aliyekuja naye, aligeukia pembeni kuficha kicheko. Dagadu aliinama, akagusa miguu ya shangazi kwa heshima.

"Nimenakili majina ya wafalme wa watu. Huyu wetu simjui. Mwezi ujao nastaafu, Shangazi. Nitakufa simjui."

Yesubai alisonya. "Hilo librashi lako halimgusi. Nitamwogesha mwenyewe."

Alimwogesha siku mbili, kwa pamba na mafuta ya uvuguvugu, akimnong'oneza. Siku ya tatu karatasi ilishika. Dagadu akapaka wino, na herufi zikajitokeza nyeupe ndani ya weusi, safi kana kwamba mchongaji ameondoka sasa hivi.

Revati alizifuata kwa kidole. "Kisima hiki... ni sadaka ya Nagapali... mke wa msuka vikapu vya mianzi."

"Vya mianzi?" Yesubai aliruka. "Kama sisi?"

"Kama nyinyi, mama. Miaka elfu mbili iliyopita."

Mwili ulimsisimka Dagadu. Hakuna mfalme aliyewahi kumfanya hivyo.

Yesubai alivuta ncha ya sari akajifunika kichwa, kama afanyavyo mwanamke mbele ya wazazi wa mumewe.

"Soma tena, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii namwita mama tu, kumbe ana jina."