Mama Masikio na Mafuta Yake

Alizaliwa mwaka 1921, mtoto wa saba wa fundi viatu. Bibi yake alimfundisha kuponda kitunguu saumu na mrehani, kuvichemsha katika mafuta, na kutia matone yakiwa vuguvugu katika sikio linalouma. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani, akapangiwa chumba cha dawa chenye meza moja na dirisha linalotazama mahali pa kufulia nguo. Wagonjwa walimwita Mama Masikio, naye, tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, alilipenda jina hilo.

Mwaka 1954 dada yake alimleta bintiye wa miaka sita, aliyekuwa akilia kwa maumivu ya sikio kwa siku ya tatu. Mtawa alitia matone. Kulipokucha maumivu yalikuwa yamekatika ghafla na mto umelowa usaha. Watu walimshukuru Mungu. Dada alitaka kwenda hospitali hata hivyo, lakini mtawa alimzuia.

“Usimsumbue mtoto, dada. Ameshapona.”

Siku ya nane mtoto alifariki, shingo imekakamaa kama ubao. Daktari alieleza kwamba maumivu yaliisha kwa sababu ngoma ya sikio ilipasuka, na usaha ulikuwa umeshaelekea kwenye ubongo.

Kuna wanaotaka sehemu hii irukwe. Siiruki. Baada ya kifo hicho, kwa miaka kumi na moja mtawa aliandika habari za kila sikio aliloletewa: waliotiwa mafuta, na waliotazamwa tu. Katika makundi yote mawili, wengi walipona ndani ya siku tatu. Mafuta yaliwatuliza maumivu baadhi yao tu. Ndipo akasimama mbele ya waumini.

“Si mimi niliyewaponya. Sikio likitoa usaha, msitie kitu. Nendeni hospitali.”

Walinuna. Walisema utawa umempanda kichwani, na wengi hawakumsalimia tena. Inaniuma kuandika hivyo.

Mwaka 1979, mtawa akiwa mahututi, dada yake alikuja akasimama mlangoni.

“Nimekuja kukuona. Kukusamehe sijaweza.”

“Asante kwa kuniambia kweli,” alijibu, akafariki siku iliyofuata.

Muujiza wa kaburini hatuna. Tunao watoto waliofikishwa hospitali mapema, ambao leo wanasikia. Ndugu waumini, tumwige katika hili: tukigundua kosa letu, tuliseme kwa walewale waliotusifu, hata kama aliyeumia hatatusamehe kamwe.