Shosho aliyerudisha aikoni

Wenzangu, leo nimeiombea kompyuta. Nimeiwekea mikono kabisa.

Hii ni siku yangu ya tatu ya majaribio ya kazi hapo cyber ya Kayole. Asubuhi nawasha mashine, kwa skrini ni picha ya maua tu. Aikoni zote zimeenda!

Nikazima, nikawasha tena. Maua.

Na bosi alisema nikiharibu kitu, kazi imeisha. Ndiyo nikafumba macho: "Baba, zirudishe..."

"Mama, unaombea nani?" Ni shosho mmoja amekuja kuchapisha kadi za harusi ya mjukuu.

Nikamweleza yote, karibu nilie.

"Na jana uliipangusa hiyo mouse mashine ikiwa imewaka?"

Niliipangusa, jamani! Nilitaka bosi aone mimi ni msafi.

Shosho akaketi kwa kiti changu, akabofya kitufe cha kulia cha mouse, akachagua kitu, aikoni zote pap! "Ukipangusa ulibofya, ukazificha tu. Nimekuwa sekretari miaka mingi, usinione na kiondo ukadhani sijui."

Hapo hapo bosi akaingia. Mteja ameketi, mimi nimesimama.

"Kuna nini hapa?"

Shosho hata hakupepesa jicho. "Huyu msichana ananifundisha kompyuta. Ana subira, huyu!"

Bosi akanigeukia. "Kumbe unafundisha? Basi kazi ni yako. Jumatatu uanze na wamama kumi wa kanisa wanaotaka kufundishwa kompyuta."

Sasa jameni, nani hapa anajua kompyuta anifundishe kabla ya Jumatatu? 😭